Mkalimani Asiyekosea

Jumatatu, 1 Machi 1971

Nimeshtuka hadi chai ikaniingia puani. Jumapili anakuja mhubiri Mzungu, na kanisa letu la Otonglo linatafuta mkalimani. Mzee Wakhisi, mzee wa kanisa na baba yake Maximilla, ametangaza kwamba atakayetafsiri vizuri atakaribishwa kwake chai. Chai kwa kina Maximilla! Tangu mwaka juzi nampungia mkono kwaya yake ikipita. Hajawahi kupunga. Tatizo ni Wepukhulu, mwalimu wa shule ya msingi, naye anautaka ukalimani. Kijana mnyenyekevu. Simpendi kabisa.

Jumatano, 3 Machi

Nimepata silaha! Wakili ninayempigia taipu ana kamusi nene kama tofali. Alipokwenda kortini nikaifungua. Neno: *inerrant*. Maana yake asiyekosea, asiyeweza kukosea hata akitaka. Asili ni Kilatini: asiyetangatanga. Waingereza wa zamani, miaka kama mia tatu iliyopita, walilitumia kwa nyota zisizohama mahali pake. Karne iliyopita likahamia kwenye Maandiko, kwa kuwa hayana kosa. Kutoka nyota hadi Maandiko! Hatua inayofuata iko wazi. Mimi.

Ijumaa, 5 Machi

Tumehojiwa mbele ya wazee. Wepukhulu akasema atajaribu, na akikosea wamsahihishe. Kujaribu! Nikasimama, nikawaambia kwamba mimi ni *inerrant*, nikaeleza nyota, Kilatini, yote. Mama Nasambu, mmoja wa wazee hao, akaguna. Mzee Wakhisi akauliza, "Sasa wewe kijana, hata kidogo hukosei?" Nikajibu hata kidogo. Akasema, "Haya basi, tafsiri. Lakini ukiniaibisha, kwangu usikanyage." Wepukhulu akanishika mkono, akanipongeza. Nilishtuka! Mtu gani hupongeza adui?

Jumapili, 7 Machi

Siamini.

Nilianza vizuri ajabu. Kwetu mkalimani hatafsiri maneno tu. Mhubiri akinyoosha mkono, naye hunyoosha. Akinong'ona, naye hunong'ona. Mzungu akapiga meza, nikapiga meza. Maximilla alikuwa ananitazama, naapa. Ndipo upepo ukageuka na wingu la wadudu wa ziwani likaingia madirishani, jeusi kama moshi. Sisi wenyeji tukaziba midomo, tumezoea. Mhubiri alikuwa ameufungua wake wazi kwenye "haleluya". Akawameza.

Akaruka. Nikaruka. Akajipiga makofi mashavuni. Nikajipiga, tena kwa nguvu zaidi. Akakohoa kwa Kiingereza, nikakohoa kwa Kiswahili. Watu wakainuka na kuruka nao, wakidhani Roho ameshuka. Akalia kwamba asaidiwe, apewe maji. Nikapaza sauti, "Nisaidieni! Maji!" Kanisa zima likaitika, "Amina!" Akarudia. Nikarudia. Amina kubwa zaidi! Mzungu akaanguka kitini, uso mwekundu.

Aliyekimbia na kikombe cha maji ni Wepukhulu peke yake. Mhubiri akapona. Mzee Wakhisi akanijia, "Bwana Shitanda, mtu anakufa na wewe unatafsiri?" Nikamweleza kwamba sikukosea neno hata moja. Akamgeukia Wepukhulu, akamwita aende akanywe chai. Chai yangu! Nilikwenda nyuma ya kanisa nikalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Jumanne, 9 Machi

Mshtuko mwingine! Wepukhulu amekuja kwangu jioni hii. Ile chai imemwendea vizuri kupita kiasi. Jumamosi anarudi kwa kina Maximilla kupeleka posa. Desturi haimruhusu kijana kujisemea, lazima awe na msemaji, na ameniomba niwe mimi. Anasema hajaona mtu anayefikisha maneno ya mwenzake kwa uaminifu namna ile.

Hatimaye amekiri! Nimekubali papo hapo. Maskini, hajui alichokifanya. Yeye atakaa kimya kwenye kona. Maximilla atasikia sauti yangu tu, ikieleza jinsi Wepukhulu anavyompenda, alivyo mpole, alivyo na kazi nzuri. Nitamsifu kikamilifu, bila kukosea hata neno moja. Baada ya hapo, atamkataaje mtu kama mimi?