Habari za Fundi Saa Alivyoikabili Keki ya Mama Mkwe

Jongeeni, enyi mnaomega mkate bila kuuliza nasaba yake! Tegeni masikio, maana yasimuliwa habari ya Fundi Saa, Mwenye Lenzi Jichoni, mtuliza saa zenye kiherehere, jinsi alivyoingia sebuleni kwa wakweze Jumapili mchana kweupe, akaikabili keki, wala asikimbie.

Na ijulikane kwanza kwamba shujaa huyu alibeba jeshi tumboni. Kila mwanadamu analo, jeshi la kinga, lililowekwa kulinda mipaka. Ila lake lilikuwa na majemadari wepesi wa hasira. Ikipita chembe ya gluteni, ile protini iliyomo katika ngano na shayiri, mlinzi mmoja huona adui pasipo adui, hupuliza baragumu. Baragumu huitikiwa na baragumu. Askari humiminika, nao huuchoma mji wao wenyewe. Vile vidole vidogo sana vilivyojipanga kwenye ukuta wa utumbo, vinavyofyonza chakula, hufyekwa kama majani. Madaktari huuita ugonjwa huo siliaki. Tiba yake si upanga wala kidonge: ni kutolipatia jeshi hilo sababu, maisha yote.

Lakini mkwe hawezi kumweleza mama mkwe habari za matumbo. Kwa hiyo kila alipoandaliwa, Fundi Saa alijitetea: mara ameshiba, mara jino linamsumbua. Mama mkwe, Malkia wa Tanuri, alirudisha sahani jikoni. Akaacha na kumsindikiza hadi getini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Hatimaye mke wa Fundi alimfunulia mama yake ukweli wote. Malkia akasikiliza, akaguna, akaagiza unga wa mchele.

Ikaja keki, imeumuka kama kuba, ikatua mezani.

"Kula, mwanangu," Malkia akatangaza. "Unga ni wa mchele. Chekeche jipya, mwiko mpya. Hata shemeji yako nimemfukuza jikoni na mkate wake."

"Nimekula uani kama mbuzi," akalalama shemeji, kaka wa mke, mtu mwenye shavu lisilopumzika. "Haya, shemeji, kula tuone kama utalipuka."

Fundi Saa akainua kipande. Jicho lile lililozoea kuwinda uchafu kati ya meno ya gurudumu likatua chini ya keki, likaona vumbi jeupe. Mkono ukasimama hewani. Mbele yake palikuwa na wiki nzima ya moto tumboni. Pembeni, macho ya mama mkwe yakimhesabia kila pumzi.

"Mama, naomba radhi kabla sijauliza. Chombo ulikipaka nini?"

"Siagi, halafu nikanyunyiza unga, keki isigande. Nani asiyejua hilo?"

"Unga upi?"

Mkono wa Malkia ukajisogeza wenyewe, ukanyunyiza hewa, ukarudi mapajani.

"Wa ngano," akasema polepole. "Ule wa kopo la zamani. Mkono umekwenda wenyewe, jamani!"

"Vumbi tu hilo!" shemeji akapaaza sauti. "Lipanguse, ule. Litamfanya nini mwanamume mzima?"

Ndipo Fundi Saa akasimama, kipande mkononi kama ngao, akahutubu:

"Ewe shemeji, bingwa wa kumaliza sahani za wenzako! Jeshi langu halipimi adui kwa kilo. Nawe Mama, siku zote nilikudanganya kwamba nimeshiba. Leo sikudanganyi. Nina njaa, keki yako naitamani, na siili."

Mkewe akafumba macho. Hata saa ya ukutani, aliyoitengeneza shujaa mwenyewe, ilionekana kusita.

Malkia akamkazia macho. "Nilipoambiwa ugonjwa, nilidhani ni kisingizio kama cha lile jino," akasema. "Nikajua unaona kinyaa mikono yangu. Kumbe mwenzetu unaogopa unga kweli!"

"Naogopa unga, Mama. Mikono naiheshimu."

Malkia akacheka hadi akashika meza. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe usiyeogopa vumbi, ibebe hii ukaimalizie uani. Na unawe!"

Akajifunga aproni upya kama avaaye deraya. Chombo kikasuguliwa kikalia; kikatandikwa karatasi ya kuokea; kopo la ngano likapelekwa uhamishoni chumbani, chini ya kitanda. Keki ya pili ikaingia tanurini, naye Malkia mwenyewe akalinda mlango wake, mwiko begani.

Na Fundi Saa akala. Akala kipande, akaongeza, akaokota makombo kwa kidole. Huko ndani mlinzi wa mpaka akakagua kila kilichopita: mchele, mayai, siagi, sukari. Akapiga miayo, akaliegemea baragumu lake, akasinzia.

Basi na iandikwe katika habari za mataifa, wapate kusoma wajao: palikuwa na mtu aliyemuuliza mama mkwe amepaka nini chombo cha keki, akatoka hai, na jua lilipopunga, Malkia wa Tanuri akavaa kandambili zake, akamsindikiza hadi getini, akapitiliza hadi kona.