Ndege Arobaini Nyuma ya Ofisi

Jumatatu, 3 Machi
Halmashauri yetu imetia saini ahadi ya kurudisha uoto wa asili na viumbe wake. Kila kitengo kitaje kiwanja. Mimi, afisa bustani, nimeandika: nyuma ya ofisi, aina arobaini za ndege. Arobaini! Halmashauri jirani wameandika thelathini na tano, sasa tushindwe na wale? Mkurugenzi kanipa mkono. Nafasi ya mkuu wa kitengo cha mazingira iko wazi, na ni yangu. Mama Mapipa, afisa taka, naye anaitaka. Kaniuliza ndege nimewahesabu lini. Kijicho tu!

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Wakaguzi wa ile ahadi wanakuja Alhamisi kuhesabu ndege, na darubini zao. Nimekwenda kiwanjani, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nyasi zanifika kifuani. Magugu yamemeza lori bovu zima. Aibu tupu. Mama Mapipa kanishauri nipaache palivyo, eti ndege wanapenda vichaka. Anadhani mimi mtoto? Anataka wageni wakute pori, nikose cheo.

Jumatano, 5 Machi
Nimefyeka. Mikono yote malengelenge. Nikachoma magugu, nikapaka mawe chokaa, nikamwaga mtama ndoo nzima. Mama watoto kaniletea chakula, akauliza ndege watakaa wapi. Nikamjibu watasimama. Pamependeza kama uwanja wa gwaride.

Alhamisi, 6 Machi
Wakaguzi wamekaa asubuhi nzima. Wameona kuku kumi na mmoja wa jirani, na kunguru mmoja aliyekuja kuangalia kuku. Nikawaambia kuku naye ni ndege. Hakuna aliyecheka. Ndipo Mama Mapipa akatoa daftari. Kumbe miaka miwili anakula chakula cha mchana dirishani, huku anaandika ndege wa kile kichaka. Aina arobaini na mbili! Nilisema kweli bila kujua, halafu nikaifyeka kwa mikono yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Cheo kapewa yeye. Nimeumia, sifichi. Agizo lake la kwanza: nisiguse kitu kwenye kile kiwanja, nyasi ziote zenyewe, ndege warudi wakipenda. Yaani kazi yangu ni kutofanya kazi! Zitachukua miezi. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini waliosema hawakuwa na mkurugenzi. Nimeshaulizia zulia la nyasi za plastiki. Linatandikwa siku moja tu. Jumatatu Mama Mapipa atakuta kijani kitupu, na atakuja mwenyewe kuniomba radhi.