Glasi ya Kwanza Isiyo na Chumvi

Leo ni tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba. Nina mwaka mmoja, miezi minane na siku nne tangu niondoke hapo nyumbani. Mke wangu, uliuliza mtambo huu wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari umefikia wapi, maana mkataba wetu sisi vibarua unasema nitaachiliwa siku maji ya kwanza yasiyo na chumvi yatakapotoka bombani. Basi soma hotuba ya Mkurugenzi Mkuu ya leo asubuhi. Niliisikia yote, walinivalisha ovaroli mpya wakanisimamisha kando ya bomba, karibu na jukwaa.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe, Waheshimiwa Manaibu wangu na Manaibu wa Manaibu wangu, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, wageni mliokaa kivulini na wananchi mliosimama juani: itifaki imezingatiwa! (Makofi, hasa kivulini.)

Ninayo furaha isiyo kifani kusimama mbele ya lango hili, ambalo rangi yake niliichagua mimi binafsi, kuwatangazia kwamba kiu, kama changamoto mtambuka, imefikia ukomo. (Vigelegele.) Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaufanyia upembuzi huo upembuzi mwingine, tukaunda kikosi kazi kikaenda semina katika nchi saba, na kote huko, ndugu wananchi, kikosi kilikunywa maji na kurudi salama. (Kicheko. Mkurugenzi hakuelewa wanachekea nini.) Teknolojia yenyewe ni ya utando. Utando ni ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu, yenye vitundu ambavyo hata mimi, pamoja na cheo changu, siwezi kuviona. Maji ya bahari yanasukumwa humo kwa shinikizo kubwa, maji yanapita, chumvi inabaki nyuma inajuta. Wataalamu wanaiita osmosisi kinyume. Mimi naiita uongozi bora. (Makofi. Fundi bomba akaninong'oneza, 'Kaka, wewe umewahi kuuona huo utando?' Nikamjibu, 'Wa buibui, ndiyo, kule stoo.')

Kitakwimu, mradi umekamilika kwa asilimia tisini na saba, na asilimia tatu zilizosalia ni vitu vidogo vidogo kama vile mtambo, utando na maji. (Mama mmoja mwenye ndoo: 'Sasa hizo tisini na saba ni nini, mheshimiwa?') Ni ukuta, mama! Ukuta, lango na kibao! Na kuwathibitishia, nitakunywa glasi ya kwanza mbele ya macho yenu!

(Hapa, mke wangu, maji ya chupa yaliyoandaliwa yalikuwa yameshamalizwa na wapiga tarumbeta. Katibu wa Mkurugenzi akanikodolea macho: 'We! Jaza hapo bombani, haraka!' Bomba lile linavuta moja kwa moja kutoka baharini, tunaoshea matoroli. Nikajaza. Nimeagizwa, nifanyeje? Mkurugenzi akanywa yote. Machozi yakamlenga. Mama mwenye ndoo: 'Yana chumvi?')

Hayana! Hayana kabisa! Kwa mamlaka niliyopewa, natamka na kutia sahihi kitabuni kwamba maji ya kwanza yasiyo na chumvi yametoka leo, saa nne na robo! (Vigelegele. Kikohozi.) Maji baridi, haki yetu! (Haki yetu!) Chumvi, nje! (Nje!) Nahitimisha kwa kuwashukuru vibarua hawa kwa ukuta imara, na wafadhili, ambao tutaanza kuwaandikia barua mwezi ujao, na wataalamu wa utando, ambao tutawatafuta pindi tukipata kiwanja, kwa kuwa hiki, nimearifiwa asubuhi hii, si chetu. Asanteni kwa kunisikiliza."

Makofi hayajakwisha, nikamfuata msimamizi wetu na mkataba mkononi.

"Bosi, maji yametoka."

"Maji gani? Unanichezea?"

"Basi twende tukamuulize Mkurugenzi kama amedanganya."

Akageuka kutazama jukwaani. Mkurugenzi alikuwa anasukutua kwa soda, chupa ya tatu. Msimamizi akatazama sahihi kitabuni, akanitazama mimi, akatoa muhuri akaugonga mkatabani.

"Toka hapa. Na usiwaambie wenzako."

Nilipogeuka, foleni ya wenzangu wenye mikataba mikononi ilikuwa imeshafika langoni, na fundi bomba ndiye wa kwanza.

Natarajia kubisha hodi tarehe mosi ya mwezi ujao, mchana. Niwekee maji ya mtungini, ya kawaida tu.