Hotuba ya Mgeni Rasmi Siku ya Kumuaga Mwalimu Leah

Nitakuambia jambo ambalo hata mama hajui. Hotuba aliyoisoma mgeni rasmi Ijumaa iliyopita katika shule ya msingi ya kijijini kwetu, karibu na Ilongero, niliiandika mimi. Mimi huyu ambaye nikitumwa dukani nangoja wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Mwalimu Mkuu Chediel anajua nina mwandiko mzuri, kwa hiyo aliniita akanipa kazi mbili kwa mpigo: niandike risala ya shule ya kumsomea mgeni, halafu niandike na hotuba ya mgeni ya kuijibu risala hiyo. Ndivyo inavyofanyika. Mgeni rasmi haji na maneno, anayakuta mezani pamoja na soda.

Kwenye risala niliweka ombi moja tu. Mwalimu Leah, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili kusoma, aliondolewa darasani mwaka jana akafanywa mratibu wa mpango unaoitwa MUBUU, na sasa alikuwa anahamishiwa kabisa kwenye ofisi ya mpango huo, Singida mjini. Tangu aondolewe madarasa hayo hayana mwalimu. Mdogo wangu Faith yuko la pili. Anakishika kitabu juu chini na "anausoma" ukurasa mzima bila kukosea, kwa sababu ameukariri. Nikaomba Mwalimu Leah arudishwe. Mwalimu Chediel akalikata ombi langu kwa kalamu nyekundu. "Binti, mgeni haombwi kitu cha kumuudhi," akasema. Hotuba yenyewe aliisoma mistari ya mwanzo tu, akaona vyeo vya wakubwa vimepangwa vizuri, akapiga mwayo, akanirudishia. Basi lile ombi lililokatwa kwenye risala nikalihamishia kwenye hotuba.

Hii hapa, kama ilivyosomwa na Mheshimiwa Melkizedeki, Mkuu wa Mpango, pamoja na yaliyotokea uwanjani.

"Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Isaka, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Chediel, pamoja na jeshi lako lote la walimu wanne, Mchungaji na Sheikh, mliotuombea dua kila mmoja kwa zamu yake na hakuna aliyefupisha, Wajumbe wa Kamati ya Shule, wazee wetu, shikamooni, wazazi na walezi, vijana wa bodaboda mliozima pikipiki kwa heshima yangu, nawaona, wanafunzi wa la kwanza hadi la saba, wageni mlioalikwa na wageni mliosikia harufu ya pilau, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mzee Isaka anamnong'oneza kwamba mke wa Mtendaji hakutajwa.) Mke wa Mtendaji, itifaki imezingatiwa kwa mara ya pili.

"Awali ya yote nimshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijalia afya ya kusafiri kutoka Singida mjini hadi hapa, safari ambayo mwendesha bodaboda huifanya kabla chai yake haijapoa, lakini ambayo msafara wangu, kwa sababu za kiitifaki na za kusimamasimama kununua kuku, umeifanya tangu asubuhi hadi muda huu mlipokaribia kuzimia kwa jua. Poleni sana. Kusubiri nako ni sehemu ya maendeleo. (Makofi machache. Upepo unataka kuondoka na karatasi. Mwalimu Chediel anakimbia kuleta jiwe la kuzikandamizia.)

"Ndugu wananchi, mtu anaweza kujiuliza, hivi hii MUBUU ni nini? (Mama Sostenes, mzazi mmoja asiyeogopa mtu, kutoka nyuma: 'Tunajiuliza tangu mwaka jana!') MUBUU, yaani Mpango wa Uongozi Bora wa Ufundishaji wa Usomaji, ni framuweki shirikishi, jumuishi, fungamanishi na endelevu, yenye lengo la kuwajengea mastekiholda uwezo wa kujengeana uwezo, ili kwamba kupitia monitaringi na fidibaki, anayeongoza aweze kuongoza, anayeongozwa aweze kuongozwa, na usomaji wenyewe, iwapo utatoa ushirikiano, uweze kusomeka. (Makofi. Watoto wa la kwanza wamelipenda jina: 'Mubuuuu!' Ng'ombe mmoja nje ya uzio anaitikia. Uwanja mzima unaangua kicheko. Mgeni anadhani wamefurahia framuweki, anainamisha kichwa kushukuru.)

"Sasa nije kwenye takwimu. Kwa mujibu wa takwimu nilizo nazo, ambazo nimezitengeneza mwenyewe ofisini kwangu bila kumsumbua mwalimu wala mtoto yeyote, kiwango cha usomaji katika eneo hili kimepanda kutoka asilimia sitini hadi asilimia mia moja na nne. Mtauliza hiyo nne imetoka wapi. Hao ni watoto ambao wamevuka lengo, kiasi kwamba wanasoma hata kitabu kikiwa kimefungwa! (Faith ananyoosha mkono juu: 'Mimi naweza!' Mama anamvuta sketi akae.) Mwacheni binti asimame! Mnaona? Hayo ndiyo matunda ya MUBUU! (Makofi mengi. Faith anapunga mkono kama bibi harusi.)

"Mafanikio haya hayakuja hivi hivi. Yana mtu. Na kwa kuwa mtu huyo ni mnyenyekevu kupita kiasi na asingependa atajwe, nitamtaja mara tatu tu: ni mimi, ni mimi tena, na ni Mkuu wa Mpango. Nilipoingia katika ofisi ile nilikuta kiti kimoja kisichozunguka. Leo hii ninapozungumza nanyi, kiti kile kinazunguka, tena pande zote mbili. (Mzee mmoja wa mbele: 'Hongera, mwanangu!') Nilikuta ofisi haina dashibodi. Leo ina dashibodi ukutani, na wageni wote wanaokuja hupiga nayo picha. Huo ndio uongozi wa ufundishaji ninaousema.

"Na kwenu ninyi sikuja mikono mitupu. Nimekuja na ahadi. Kila darasa litapata kona ya vitabu, na kila kona itatafutiwa darasa. Vishikwambi vitaletwa kabla ya umeme, umeme utaletwa kabla ya nguzo, na nguzo zitaletwa mara tu tutakapokubaliana zisimame upande gani. (Mama Sostenes: 'Na chaki je, baba?') Chaki iko kwenye roadmapu, mama. (Mama Sostenes: 'Basi tuambie iko kilomita ngapi, tuifuate kwa miguu!' Kicheko. Mtendaji anasimama kuomba utulivu, anacheka yeye mwenyewe, anakaa.)

"Ndugu walimu, naomba sasa niongee nanyi kama mwalimu mwenzenu. Nimekaa nikatafakari, kuongoza ufundishaji wa kusoma ni kitu gani hasa, na nimeona si kukaa ofisini ukiandika kwamba watoto wanasoma. Ni kuingia darasani ukakaa dawati la nyuma, lile ambalo magoti ya mtu mzima hayaenei, ukamsikiliza mtoto mmoja akihangaika na neno moja, 'a-li-ze-ti', na ukaukaza mdomo wako usimsaidie upesi. Ukangoja. Akilipata, utamwona anageuka kutazama ni nani amemsikia. Mkuu wa shule aliyewahi kuuona uso ule hakubali kumtoa darasani mwalimu aliyeufanya utokee. (Mgeni anaitazama karatasi kama mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai. Mwalimu Chediel anaangalia viatu vyake. Mimi najificha nyuma ya mgongo wa mama. Kisha mgeni anakohoa, anasema, 'Hayo ni maneno yangu mazito, yaandikeni,' na makofi yanaanza upya.)"

Hapa nikukatishe kidogo, maana hapa ndipo sentensi niliyoitega ilipokuwa inafika. Nimesikiliza hotuba nyingi redioni nikichambua mchicha, na nimegundua kwamba mkubwa akishaingia kwenye sentensi ndefu kwa sauti ya juu hawezi kutoka katikati. Itabidi aende nayo mpaka mwisho ili naye ajue inaishia wapi. Mwalimu Leah alikuwa ameketi mbele, amefungwa kitenge kipya cha kuagwa, mbele yake dumu la mafuta ya alizeti na jogoo aliyefungwa miguu. Hakuwa akicheka na wenzake. Mgeni akavuta pumzi, akaanza:

"Kwa hiyo basi, nikihitimisha, na pasipo kuathiri yale yote niliyokwisha kuyasema, na kwa kuzingatia kwamba shughuli yoyote iliyofana haina budi kufungwa kwa shukrani, napenda kutoa shukrani zangu za dhati, za kipekee na zisizo na kifani kwa wote waliofanikisha MUBUU, ambapo navishukuru vitabu ambavyo havikuja, naishukuru maktaba ambayo haikujengwa pamoja na fundi wake ambaye hakuitwa, nawashukuru walimu waliohudhuria semina ambayo haikufanyika wakarudi na fidibaki nzuri, na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mwalimu Leah, ambaye kwa uvumilivu, uzalendo na weledi wa hali ya juu ameratibu mpango ambao tangu mwanzo wake hadi ninaposimama hapa haujawahi kuwepo, na kwa kuwa kitu kisichokuwepo hakihitaji mratibu, si mjini wala si kijijini, natamka mbele ya Mwenyekiti Mzee Isaka na mbele yenu nyote kwamba Mwalimu Leah hahami, na Jumatatu asubuhi anarudi darasani kwake, la kwanza na la pili!

(Mgeni amebaki mdomo wazi, kidole kimerudi juu kwenye karatasi kutafuta ni wapi alipopotea. Anaanza: 'Yaani, nilichomaanisha ni...' Hamalizi. Mama Sostenes anapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mjini. Akina mama wote wanapokea. Watoto wa la pili wanaruka mabenchi kumkimbilia Mwalimu Leah, na yeye amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanamtikisika, sijui analia au anacheka. Jogoo amefunguka, yuko chini ya meza kuu. Mzee Isaka amemshika mgeni mkono, anautikisa hauachii: 'Mheshimiwa, wamekuja wakubwa wengi hapa, lakini aliyesema ukweli ni wewe!' 'Rudia, baba!' anapiga kelele Mama Sostenes. 'Rudia tusikie!' Mgeni anatazama huku na huku. Sidhani kama amewahi kushangiliwa hivyo maishani. Unauona ule utamu ukimpanda taratibu kutoka shingoni hadi kwenye masikio. Anaiweka karatasi chini.)

"Nasema, hahami! (Vigelegele.) Na nasema tena, MUBUU haipo! (Vigelegele zaidi.) Haikuwepo jana, haipo leo, na mradi mimi ndiye Mkuu wa Mpango, haitakuwepo kamwe! MUBUU! ('Haipoooo!') MUBUU! ('Haipoooo!') Mwalimu Leah! ('Darasaniii!') Nami nawashukuru kwa kuniunga mkono katika mpango huu ambao haupo, na sasa, Mwenyekiti, naomba tukale."

Alikula vizuri sana. Aliondoka na yule jogoo, kwa sababu Mwalimu Leah hakuwa tena mtu wa kuagwa, na akiwa anapanda gari nilimsikia akimwambia Mzee Isaka kwamba maneno yale ya mwisho hayakuwemo kwenye hotuba, yalimjia tu akiwa amesimama, kama yanavyomjia siku zote.

Jumatatu Faith alirudi nyumbani amenuna, akatupa mkoba kitandani. "Dada, Mwalimu Leah ananionea. Amenipa ukurasa ambao siujui!" Akakaa nao mlangoni mpaka ugali ukaiva, akiunganisha herufi na kukasirika, na nilipotaka kumsaidia akanisukuma.

Jana nilikutana na Mwalimu Chediel njiani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikataka kupita upesi. "Marahaba, binti," akajibu, akanitazama muda mrefu. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba kuna shule moja kule Sepuka nayo inampokea yule mheshimiwa mwezi ujao, kwamba mwalimu wao wa darasa la kwanza naye amekalishwa ofisini, na kwamba wanatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri.

Nimekubali. Kwa hiyo nakuomba, tena nakuomba sana wewe unayesoma hapa, usimwambie mtu. Hasa kama una ndugu Sepuka.