Kurasa Kumi na Moja za Mwisho

Jumatatu, 7 Oktoba

Kitabu kiko kwangu hadi Alhamisi. Hatimaye! Kikundi chetu cha wasomaji hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kina watu tisa na kitabu kimoja. Riwaya ya mauaji, ya Uingereza kwenyewe. Mzee mwenye kiwanda cha saa kakutwa amekufa katika banda la farasi. Watu sita walikuwemo nyumbani, wakiwemo daktari, mpishi na dada wa marehemu. Mmoja wao ndiye.

Kila Jumamosi Mwalimu Jocelyne anatusomea huku akitafsiri. Juzi kasimama makusudi kabla ya sura ya mwisho. Kasema Jumamosi hii kila mtu atoe maoni yake na kumtaja muuaji, kisha tutasoma mwisho. Mwenye maoni bora atakwenda Mbarara, kuzungumza na wasomaji wa huko katika ukumbi mmoja wa Ruharo.

Venuste tayari anapiga pasi koti. Alikuwa katekista kwao Burundi, kazoea kusimama mbele za watu. Mimi nilikuwa katibu wa shule kule Fizi, Kongo, miaka kumi na miwili. Leo nauza sabuni. Lazima niende.

Tuliapa kutofungua sura ya mwisho. Sitaifungua.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeifungua. Kidogo tu. Kiingereza kigumu mno! Lakini neno “daktari” limo mara nne katika ukurasa mmoja. Basi ni daktari. Jumamosi nitafumba macho kama mtu anayefikiri, kisha nitamtaja.

Tatizo: Alhamisi nampokeza Venuste kitabu. Namfahamu. Atachungulia. Watu wengine hawana uaminifu.

Nimechukua wembe. Kurasa kumi na moja. Nimekata taratibu, kwa heshima, nikazificha chini ya gunia la maharagwe. Jumamosi nitazirudisha mapema kabla mtu hajaona.

Alhamisi, 10 Oktoba

Venuste kachukua kitabu, kakifunga ndani ya kitambaa cheupe kama kitu cha altare. Mke wangu Bénédicte kauliza kwa nini wembe umekuwa butu. Nikajibu ni ndevu. Akatazama kidevu changu muda mrefu. Sina ndevu.

Nimefanya mazoezi ya kufumba macho.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku mbaya.

Maoni yalianza vizuri. Gaudiose alisema kitabu ni kitamu ila kinamhuzunisha: watu wamefiwa, nao wanakunywa chai, hakuna aliyelia hata kidogo. Venuste alisema muuaji ni mpishi, kwa sababu tangu mwanzo hadi hapo hakuna mtu aliyemsalimia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama Perpétue, yule wa kutoka Uvira anayelima karibu na ziwa, hakumtaja mtu. Alisema yeye anangoja mwisho tu.

Nikasimama. Nikafumba macho. Daktari! Makofi.

Ila Venuste alikuwa amechelewa, kitabu kikatoka mkononi mwake moja kwa moja hadi kwa mwalimu. Sikupata nafasi. Jocelyne akafungua mwisho. Hakuna mwisho. Mkato ulionyooka, safi.

Wote wakamgeukia Venuste. Akaapa, rozari mkononi. Mtu mmoja akamwita mwizi. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Nikainama kufunga kamba za viatu. Venuste akaondoka na koti lake lililopigwa pasi.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada, Mama Perpétue alikuja kwenye meza yangu ya sabuni. Hakununua. Alikaa. Nilimuuliza kama anahitaji ya kufulia au ya kuogea.

“Papa Nestor,” akasema, “kaka yangu balimuua njiani, alikuwa anatoka ku shamba. Hakuna mutu aliuliza kitu. Hata siku moja. Sasa mule mu kitabu, mutu mumoja anakufa, na bote banatafuta mwenye alimuua. Banauliza hata farasi inalala wapi! Mimi nataka nione tu namna banamukamata. Basi.”

Hakunishutumu. Sijui alijua nini. Nikaingia ndani, nikasogeza gunia, nikatoka na kurasa. Alizitazama, akanitazama, akasogea kwenye benchi ili nikae.

Yeye hajui Kiingereza. Changu kinachechemea. Tulisoma mstari kwa mstari, na kamusi ya shule ya binti yangu. Kwenye ukurasa wa tano nikakutana na daktari wangu. Imeandikwa hivi: kila mtu alidhani ni daktari, na kila mtu alikosea.

Ni dada wa marehemu.

Tulipofika pale polisi anapoweka mkono begani mwa yule dada, Mama Perpétue alisema, “Rudilia.” Nikarudia. “Tena.” Nikasoma mara ya tatu, polepole. Alijifuta uso kwa kitenge. Wateja wawili wakaja na kuondoka.

Halafu akasema Venuste lazima aambiwe. Na mimi ndiye wa kumwambia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Venuste alikuwa anapalilia viazi. Nilifika kwenye “mazingira magumu ya uamuzi wangu” nikaona haniangalii. Nikasema kwa kifupi: ni mimi. Akanipa jembe la pili. Tulilima hadi saa sita. Mikono yangu ni ya katibu, imetoka malengelenge.

Mchana niliwaeleza wengine. Jocelyne alisema Mbarara nisahau. Kisha wakamchagua Mama Perpétue, wote, akiwemo Venuste. Niliomba angalau nibebe kitabu. Venuste atakibeba. Mimi nitabeba chupa za maji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mbarara. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki, watu wenye miwani. Waliotangulia walizungumzia mtindo na taharuki na jinsi mwandishi anavyoficha dalili. Mama Perpétue alisimama na Jocelyne akamtafsiria.

“Mimi sikutafuta kujua ni nani,” alisema. “Nilingojea tu. Kitabu ni kizuri sababu kinamuheshimu mutu mwenye alikufa. Hakuna alisema: basi, alikufa, tuendelee. Ilichukua kurasa mingi, lakini balimaliza.”

Akakaa. Mzee mmoja mbele alivua miwani akaishika magotini. Kisha ukumbi mzima ukasimama. Venuste alinipa kitambaa chake cheupe nijifute. Nilimwambia ni vumbi.

Jumapili, 20 Oktoba

Pongezi zote kwa Mama Perpétue. Sawa. Anastahili. Lakini nimewaza kanisani, wakati wa mahubiri: ni nani aliyemsomea mwisho? Nani alirudia mara tatu? Wale wa Mbarara wamesema watamwalika tena, na mtu wa aina hiyo hawezi kwenda hivi hivi bila mtu wa kumwongoza.

Kesho nakwenda mjini Kaberebere. Kuna fundi anayechonga mihuri. Nimeshaandika maneno ya muhuri wangu: NESTOR, MSHAURI MKUU WA MAMA PERPÉTUE KATIKA MAMBO YA RIWAYA. Wa mviringo, wino wa buluu.

Mama Perpétue bado hajaambiwa kwamba ana mshauri. Atafurahi.