Moyo wa Vyumba Vinne Usiingie Kidato cha Pili

Kwa Mwalimu Mkuu, ambaye pia ni dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Uliniagiza nipime ubora wa somo la bure la mtandaoni kuhusu moyo, ili uamue kama Jumatatu Kidato cha Pili watafundishwa hilo badala ya langu. Nimelipima kwa fomu yako, nikiwa mwenyekiti na mjumbe pekee wa kamati. Limefeli, kwa sababu hizi:

1. Usahihi. Linadai moyo wa binadamu una vyumba vinne. Mimi nimefundisha vitatu kwa miaka kumi na tisa, na shajara yangu haina lalamiko hata moja. Tarehe 9 Machi mwaka jana niliandika: "Nimefundisha vyumba vitatu. Darasa kimya." Mmoja wa wanafunzi wangu sasa ni muuguzi. Tukikutana hucheka sana, ishara kwamba alielewa.

2. Picha. Moyo wao unadunda kwenye skrini. Wangu wa ubaoni haujawahi kudunda, na hakuna aliyekufa.

3. Lugha. Msimulizi hamfokei mtu. Wanafunzi watajuaje kwamba wako darasani?

4. Leseni. Chini wameandika kuwa yeyote anaruhusiwa kunakili, kurekebisha na kugawa. Jana niliwakamata wanne wakinakiliana kazi. Mmoja, aliyeichungulia leseni hiyo mezani kwangu, akaniuliza, "Kwani mwalimu, si imeruhusiwa?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikaitumia ruhusa hiyohiyo: nimefuta chumba kimoja kwenye moyo wao. Sasa somo limenyooka, ila damu inaingia na haina pa kutokea.

5. Likipita lilivyokuwa, Kidato cha Pili watajua nilikosea, Cha Tatu watakumbuka, Cha Nne watadai maksi zao.

Kwa hiyo naomba moyo ubaki na vyumba vitatu hadi nistaafu. Chumba cha nne kikihitajika sana, kiongezwe kwa awamu.

Nisalimie shemeji, watoto, na karani wako ambaye hasalimiwi na mtu.

Mdogo wako mtiifu,
Mwalimu wa Biolojia

Tanbihi: Nimetoka buchani kutafuta moyo wa ng'ombe niuambatishe kama ushahidi. Muuza nyama ameupasua mbele yangu. Tumehesabu mara tatu, ya mwisho tukisaidiwa na wateja. Ni vinne. Tafadhali ichane barua hii, unitafutie lile somo kama lilivyokuwa kabla sijaligusa, nilipate mapema Jumatatu. Kidato cha Pili nitawaambia mwenyewe. Wale wa miaka iliyopita tuwaache kwanza. Wengi wanaendelea vizuri.