Nilivyousifia Mji Wangu Mpaka Nikauhama

Jumatatu, 10 Juni

Likizo ya shule imeanza vibaya. Mke wangu Anisia kaleta mgeni bila kunipa hata siku moja ya kujiandaa. Mwalimu mwenzake, walisoma wote chuo. Anaitwa Dorika, mzaliwa wa Bukoba, anafundisha Mwanza. Atakaa wiki nzima. Nikauliza kafuata nini Shinyanga. Anisia akajibu kwamba kaja kupumzika, nimkaribishe vizuri, nisianze mambo yangu. Mambo gani? Mimi!

Mgeni kashuka kwenye bajaji, kafuta kiti changu kwa leso kabla ya kukaa. Kiti changu! Halafu akasema kumbe huku ni vumbi tu. Nimeduwaa. Miaka arobaini na sita naishi mtaa huu wa Ngokolo, hajatokea mtu wa kuusema mji huu mbele yangu huku kashika kikombe changu. Nimeapa. Mama huyu haondoki mpaka akiri kwa mdomo wake kwamba Shinyanga ni mji.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kwanza: tumbo. Alfajiri nimekwenda Old Shinyanga kwa shangazi Mbuke kuomba michembe mipya. Ndio wakati wake huu, viazi vimekatwa, vimeanikwa juu ya mawe, upepo wa Juni unavikausha wenyewe. Tukaichemsha, tukaiweka mezani na karanga. Mgeni akaitazama kama mtu aliyeandaliwa vipande vya ubao. Akala mmoja kwa adabu. Akala wa pili. Nikatoka kunawa, kurudi bakuli tupu! Na fungu langu limo humohumo! Nimeshtuka, ila kwa furaha.

Akauliza kama mji wote uko tambarare hivi. Nikamwambia hapa ukidondosha limau sokoni utalikuta palepale. Akashika magoti yake, akashusha pumzi. Kumbe Mwanza kapanga mlimani, ngazi sitini na mbili za mawe, na ndoo kichwani. Nikaongeza chumvi kidogo, nikasema wazee wa hapa tunawazika na magoti mapya kabisa.

Anisia alikuwa anatabasamu. Sijaliona tabasamu hilo tangu mama yake aanguke kule Igoma, Mwanza, akavunjika mguu. Binti yetu Vumilia yuko huko kumtekea maji, lakini shule zikifunguliwa lazima arudi darasani. Nilishasema mama mkwe aje aishi nasi. Kakataa. Hawezi kuacha kuku wake.

Jumatano, 12 Juni

Mpango wa pili: ngoma. Nimewapeleka Mhunze. Najua Mhunze ni Kishapu, lakini mkoa ni mmoja, na mgeni hakuuliza. Mavuno yameisha, Bagika na Bagalu wanashindana. Vikundi viwili, kila kimoja na uwanja wake, vinacheza wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwetu ni Bagalu tangu babu. Nikamsimamisha Dorika upande wetu, kichwa kimoja zaidi.

Bagika wakatoa chatu. Nikajua sasa mama wa watu atakimbia. Kweli akakimbia, kumfuata chatu! Na uwanja mzima nyuma yake! Tumeshindwa vibaya. Karudi na kiatu kimoja na sauti imekauka, anasema hajafurahi hivi tangu aolewe. Bagalu poleni. Mji umeshinda.

Alhamisi, 13 Juni

Haya nayaandika kwa hasira.

Niko mezani kwangu sokoni, natengeneza saa ya mtu. Enock, fundi cherehani wa meza ya jirani, ambaye hajawahi kunitakia mema, akaniuliza kwa heshima zote kama anaweza kuweka cherehani yake ya pili hapa nilipo, nikishahama. Nikishahama kwenda wapi? Akacheka mpaka akajichoma sindano. Akasema soko zima linajua. Mwalimu akitaka uhamisho upesi anatafuta wa kubadilishana naye kituo, huyu aje huku, yule aende kule. Anisia anataka Mwanza. Na wa kubadilishana naye ni yule mgeni ninayemlisha michembe!

Yesu na Maria! Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikaenda nyumbani mbio. Anisia hakukana. Alipanga kuniambia mwishoni, kwa kuwa ananijua. Mama yake hana mtu mwingine. Ila Dorika kapata pia mwalimu wa Geita anayetaka kubadilishana naye, ndiyo maana kaja kuchungulia kwanza. Atachagua Jumapili. Asipopapenda hapa, basi tena. Halafu akanishukuru kwa michembe na ngoma, akasema hakutegemea. Nikamwambia karibu.

Hapana. Sihami. Saa zangu, meza yangu, barabara ninazozijua hata macho yakiwa yamefumbwa! Zimebaki siku tatu.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango mpya: kuuharibu mji.

Asubuhi nimefunga koki kubwa ya maji kwa spana, nikamwambia mgeni kwa huzuni kwamba huku ni hivi siku nne kwa wiki. Hatujamaliza chai, habari zimeshafika kwa majirani, mama wa nyumba ya kwanza akaingia na ndoo. Nyuma yake wa nyumba ya pili. Nyuma yake watu hata siwajui. Ndoo kumi na moja uani! Dorika akafuta machozi. Anasema Mwanza jirani wa ukuta mmoja hajui jina lake.

Nikajaribu fisi. Nikamweleza wanavyopita nyuma ya nyumba hii. Akauliza wanapita saa ngapi, anataka picha ya kuwaonyesha wanafunzi.

Mchana nikachukua fagio. Nikafagia uwanja bila kunyunyiza maji, upande upepo unakotokea, mgeni kakaa upande wa pili anachambua mchele. Akakohoa. Akakohoa tena. Akaingia ndani na mchele wake. Hatimaye!

Jumamosi, 15 Juni

Nimefagia mara tatu. Macho yake yamevimba. Nimemsikia dirishani akizungumza kwenye simu na yule mwalimu wa Geita, anamwuliza kama huko kuna vumbi. Nilitaka kuruka.

Anisia hakula mchana. Alikaa jikoni akimweleza Vumilia kwenye simu jinsi ya kumgeuza bibi kitandani bila kumwumiza. Nikajisikia vibaya. Nikaenda kufagia.

Jumapili, 16 Juni

Tumetoka misani, tumekaa mezani. Wali, kuku, karatasi mbili za uhamisho na kalamu. Dorika akasema pole kwa Anisia. Kafikiri sana. Anakwenda Geita.

Nimeshinda! Nikainamisha kichwa ili wasinione uso. Ningeendelea kula tu. Kijiko kilikuwa mkononi.

Lakini akaendelea. Akasema Geita kuna dhahabu, mji unakua, una maisha. Hapa watu ni wema, ila mji wenyewe hauna kitu.

Hauna kitu! Na Geita ndiyo ina kitu! Sijui nilisimama saa ngapi.

"Mwalimu," nikamwambia, "Geita hiyo mimi nimeichimba. Miezi sita nilishinda ndani ya duara, shimo la dhahabu, kule Kharumwa, nikatoka na kikohozi. Hapa Juni ukiamka baridi inakung'ata masikio, ikifika saa nne jua linakuja polepole kama mtu anayeomba radhi. Ukifiwa hapa, hujamaliza kulia, kuni zimeshafika mlangoni kwako. Na hilo vumbi nilikufagilia mimi, kwa makusudi."

Dorika akauliza, "Na maji?"

"Niliyafunga mimi. Kwa spana."

Akanitazama. Akamtazama Anisia. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia, akasema mji unaopendwa hivi na mwendawazimu lazima una kitu. Akachukua kalamu. Akasaini!

Nikabaki nimesimama. Kijiko kimeanguka kwenye mchuzi. Anisia akanishika mkono mbele ya mgeni, jambo ambalo hajalifanya tangu tufunge ndoa. Machozi yanamtoka.

"Baba Vumilia, najua ulivyotaka kubaki. Umeyasema yote hayo kwa ajili ya mama."

Nikafungua mdomo kumweleza ukweli. Nikaufunga. Nikamwambia mama ni mama.

Jumapili, 15 Desemba. Igoma, Mwanza

Mwezi wa tatu huu. Mama mkwe amepona, anatembea kunipita, na kuku amenikabidhi mimi. Enock kaweka cherehani mahali pangu. Dorika anatutumia picha za michembe kwenye simu. Makusudi!

Lakini nilikuwa na mpango. Aliyekuja kwa kubadilishana hurudi kwa kubadilishana. Nikamtafuta mwalimu wa Shinyanga anayetaka Mwanza, Suzana, binti wa watu, mpole. Kaja jana. Nimemwonyesha ziwa. Nimemlisha sato mzima. Nimemkalisha kwenye upepo. Anisia mwenyewe alisema mgeni akisaini, yeye hana neno, mama sasa anajiweza. Leo mezani kalamu ilikuwa mkononi mwa Suzana! Akauliza swali moja tu, niseme kweli, huku na kwetu ni wapi pazuri.

Neno moja lilitosha. Nikavuta pumzi niseme huku.

Nilipomaliza kuzungumza, chai ilikuwa imepoa na Suzana alikuwa analia, anauliza basi la kwanza la Shinyanga linaondoka saa ngapi. Sikuamini macho yangu! Kalamu kairudisha mezani. Anisia kajifunika uso kwa kanga, sijui analia au anacheka.

Watu wa Shinyanga hawajui wanachotaka, hilo ndilo tatizo lao. Hata hivyo Jumamosi anakuja mwalimu mwingine, Edward wa Kitangili, hukohuko Shinyanga. Safari hii sikosei. Nimeshamwagiza shangazi Mbuke anitumie michembe, nimpokee nayo Edward stendi, ajisikie yuko nyumbani.